Kunguru wanamaliza vifaranga Ngamiani, niweke sumu?

Mama Kuku TA: Wadau habari za asubuhi. Nipo Ngamiani hapa Tanga mjini nafuga kuku wa kienyeji, wiki iliyopita mtetea kaangua vifaranga 11 na jana jioni nimebaki na wanne tu. Ni hawa kunguru wenye shingo ya kijivu, wanakuja wawili, mmoja anamchokoza mama mtu, akigeuka kumfukuza mwenzie anashuka anabeba. Jirani kanambia nitie sumu ya panya kwenye matumbo ya samaki nitupe juu ya bati, imekaaje hiyo?

Babu Chumbageni: Pole sana mwanangu. Sumu usiweke kabisa. Mtaani kwetu mtu aliweka, kunguru mmoja akaenda kufia juu ya simtanki la watu, paka wawili wakala yaliyobaki wakafa, na kunguru wengine hawakutua tena pale, wana akili hao. Tafuta wavu chakavu kwa wavuvi ufunike banda, vifaranga wasitoke mpaka wakue.

Msambaa wa Muheza: Na hao kunguru si wa kwetu, wa kwetu ana kifua cheupe. Hawa waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakala kweli, ila taka hazikuisha na wao wakazaana wakavuka mpaka huku bara, wakahamia kwenye mayai na makinda ya ndege wengine. Unguja waliwahi kuwapunguza sana, juhudi zilipolegea wakajaa tena. Huku kwenye misitu ya Amani, milima ya Usambara, tuna mhesi, mti wa kuletwa vilevile, unakua haraka wakaupanda penye miti iliyokatwa, sasa ndege hondohondo wanakula matunda yake wanamwaga mbegu kila mahali, ukikata miti msituni pakabaki uwazi tu, unaota wenyewe kabla miti ya asili haijawahi. Nani atamzuia hondohondo?

Mama Kuku TA: Asanteni sana, Mungu awabariki, sumu nimeacha. Leo nimepata wavu pale Deep Sea kwa wavuvi, umetoboka ila nimeushona kwa mshipi, na matumbo ya samaki nimeyafukia nyuma ya choo. Vifaranga wanne wote wapo. Ila dampo la mwisho wa mtaa halijazolewa tangu Ijumaa, nimepita saa hizi nikahesabu kunguru 30 na kitu wamelikalia.