Lipa kwanza au lipa ukipokea? Wauzaji na wanunuzi wa mtandaoni Mombasa, tuseme

Muuza leso, Kibokoni

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nina swali lililoninyima usingizi wiki hii nzima. Mteja wa mtandaoni alipe kabla mzigo haujatoka, au alipe akishaupokea?

Mie nauza leso kwa simu. Duka sina. Nina chumba kimoja, kabati la vioo na WhatsApp. Asubuhi natandaza leso barazani mapema, maana jua la saa sita huila rangi ya picha, nyekundu ikatoka kama chungwa. Napiga picha tatu: pindo, mji (ile sehemu ya katikati), na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, lisomeke vizuri. Mteja huchagua hapo.

Wiki iliyopita mteja wa Likoni aliagiza pea 12, sare ya harusi. Akaniomba nizikate na kuzipinda kabisa, maana siku zimemsonga, na akasema atalipa mzigo ukifika. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, nikamwamini. Fundi alikesha kwenye cherehani. Kijana wa boda akavuka feri na mzigo, akafika alipoelekezwa, akapiga simu. Imezimwa. Akangoja saa nzima. Jioni mzigo ukarudi kwangu.

Leso isiyokatwa ningemuuzia mwingine siku ya pili yake. Sasa nina vipande 24 vilivyopindwa, vyote jina moja, la kumuaga binti anayeolewa. Nani atazichukua pea 12 kwa mpigo kama hana harusi? Leso pekee ni shilingi 8,400, bado fundi, bado nauli ya kwenda na kurudi.

Basi mie nasema alipe kwanza, na alipe zote. Anayeona nimekosea na aseme.

Mteja, Kisauni

Pole sana dada, hasara hiyo inauma. Lakini kulipa zote kwanza mimi siwezi tena.

Mwaka jana niliona dera zuri kwenye ukurasa mmoja, shilingi 1,500. Nikapewa nambari ya kawaida ya simu. Kabla pesa hazijaondoka simu ikanionyesha jina la mpokeaji, nalo ni la mwanamume, na ukurasa ni wa mwanamke. Nikauliza, akanijibu, "Ni simu ya mume wangu." Nikatuma. Ujumbe wangu uliofuata ukabaki na tiki moja, na picha yake ikatoweka. Nikajua nimefungiwa. Nikapeleka ule ujumbe wa muamala kwa nambari 456 ya Safaricom kuomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zishatolewa. Picha ile ile ya dera nilikuja kuiona baadaye kwa muuzaji mwingine kabisa, wa Nairobi, ambaye naye aliibiwa picha tu.

Hiyo 1,500 nyumbani kwangu ni chakula cha siku kadhaa. Wewe mteja wako ulisikia sauti yake na nyumba ulielekezwa. Mimi tapeli wangu simjui hata sura. Unasema una chumba Kibokoni, na nakuamini, lakini sijakiona. Na nikisema nije nikione, nipande matatu mbili, basi simu imenisaidia nini?

Mtu wa boda, stendi ya Mwembe Tayari

Nyote wawili mnamsahau aliye katikati.

Mteja akikataa mzigo, muuzaji huniambia nirudishe, "tutaongea". Mafuta nishachoma. Na ukivuka Likoni, foleni ya feri saa kumi na moja jioni yaweza kula abiria watatu niliokuwa niwabebe mjini.

Tena kuna hili la kulipa mzigo ukifika. Mara mbili nimeonyeshwa ujumbe wa M-Pesa kwenye simu ya mteja, jina la muuzaji lipo, kiasi kipo, kila kitu kipo sawa. Mara ya kwanza niliacha mzigo nikaenda zangu. Pesa hazikuwahi kufika. Ujumbe ulikuwa wa zamani, umebadilishwa tarehe na kiasi. Nililipa mimi, kidogo kidogo, wiki mbili. Sasa hivi siangalii simu ya mteja kabisa. Nampigia muuzaji, namwambia aangalie salio lake, si ujumbe, salio. Likipanda ndiyo naachia mfuko.

Kwa hiyo mimi naomba jambo moja: nauli ilipwe kabla sijawasha pikipiki. Hayo ya leso amueni wenyewe.

Mwanafunzi wa sheria, Tudor

Niongeze kidogo tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Ile Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inagusa makubaliano ya intaneti: muuzaji atoe maelezo muhimu kabla mteja hajakubali. Kwa hiyo dada wa Kisauni kudai jina, mahali na bei wazi si ukorofi, ni haki yake. Lakini sheria haikusaidii sana ikiwa humjui wa kumshtaki.

Mwenye duka la leso, Biashara Street

Wanangu, nimewasoma wote. Biashara hii ya kuuziana bila kuonana haikuanza na simu. Kabla M-Pesa haijaja 2007, wateja wetu wa Malindi na Lamu walikuwa wakituma barua kwa dereva wa basi. Sisi tunafunga robota, tunampa yeye yule dereva, na pesa zinarudi kwa mkono wake safari ya pili au ya tatu. Hatukulipwa kwanza. Lakini yule mama wa Lamu tulimjua, tukamjua na aliyemleta dukani mara ya kwanza, na akichelewa tunajua nani wa kumuuliza.

Hicho ndicho kilichopotea. Simu imemleta mteja karibu, lakini yule wa kumdhamini hakuja naye. Kwa hiyo, binti wa Kibokoni, ukitaka zote kwanza unamtaka mgeni akuamini vile ambavyo mama wa Lamu hakutakiwa kutuamini sisi, na tulikuwa na duka lenye mlango. Ni kubwa mno hilo.

Pia mwanangu, uliyoagizwa uliyaandika wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Muuza leso, Kibokoni

Ami, hapo kwenye daftari umenigusa. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilipozimika jioni mpaka usiku wa manane, nilikuwa na oda tano na zote zimo ndani ya mazungumzo. Sikujua nani ataka nini wala nyumba iko wapi. Tangu siku ile naandika. Lakini naandika rangi na idadi, masharti siandiki, na ndiyo maana huyu wa Likoni sina la kumshika nalo.

Nimefikiri tangu asubuhi. Narudisha nyuma neno la "zote". Leso isiyokatwa, mteja alipe akipokea, kwa sababu ikirudi bado ni mali. Ya kukatwa na kupindwa, nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Nauli ya boda kwanza, kila mara, na kaka wa Mwembe Tayari nisamehe, nawe nilikuwa nakufanyia hivyo hivyo. Pesa zisiingie kwa nambari yangu ya kawaida, ziingie Lipa na M-Pesa yenye jina la biashara, ili dada asilione jina la mume wa mtu. Na anayetaka nimpigie simu ya video, nimtandazie leso mbele yake, agizo likiwa la pea moja au ishirini.

Dada wa Kisauni, nusu bado utaikataa?

Mteja, Kisauni

Kwa kilichokatwa, nusu nakubali. Kwa kisichokatwa nimekushika neno lako, na jina la biashara nitaliangalia kabla sijabonyeza.

Kesho nipigie video saa tatu, kabla jua halijaharibu rangi. Nataka pea mbili, pindo la kijani, na unisomee jina kwa sauti. Usikate.