Simu za intaneti nyumbani: tupeane uzoefu, hasa wenye ndugu Uarabuni na Ulaya

Mwana wa Barazani (Tanga)

Habari za leo wakuu. Naishi na mama hapa Tanga, dada yangu yuko Muscat mwaka wa sita sasa. Kila Ijumaa baada ya swala mama hukaa barazani, simu mapajani, akisubiri.

Miezi ya mwanzo tuliteseka. Tukimpigia kwa WhatsApp simu inaita vizuri, anapokea, sekunde zinaanza kuhesabika, halafu kimya. Mama anaita "Halo! Halo! Mwanangu, wanisikia?" mpaka machozi yanamlenga. Nilibadilisha simu, nikanunua bando kubwa, wapi. Kumbe kule Oman simu za WhatsApp zimezuiwa. Meseji na sauti za kurekodi zinapita, maongezi ya moja kwa moja hayapiti. Shoga yake dada ndiye aliyemwonyesha programu nyingine ya kupigia, imo, na kwetu ikapita.

Mwezi uliopita tumefunga intaneti ya ruta nyumbani, lakini usiku sauti inakatikakatika. Wenye uzoefu semeni: mnatumia nini, na nini kiliwakwamisha?

Fundi Mbagala

Mkuu, usiilaumu kampuni kabla hujaangalia ruta imekaa wapi. Yangu ilikuwa chini, nyuma ya televisheni, ubavuni mwa friji. Niliipandisha juu ya kabati la sebuleni na nusu ya tatizo ikaisha siku hiyohiyo.

Nusu iliyobaki ilikuwa watoto. Simu ya sauti inakula data kidogo sana, kwa hiyo kasi ya kushusha vitu haikuwa shida. Shida ilikuwa kupandisha. Vijana wakianza kurusha video zao, vipande vya sauti yako vinapanga foleni nyuma ya hizo video, na kinachochelewa sana programu inakitupa. Ndiyo maana unasikia nusu neno. Sinema inajipakulia akiba ya mbele, haikwami kirahisi. Maongezi hayana akiba, mtu anasema sasa na wewe unataka kumsikia sasa.

Nyumbani tumekubaliana: saa 2 hadi saa 3 usiku hakuna anayepandisha kitu. Pia kama ruta yako ina mawimbi mawili, tumia 5 GHz ukiwa chumba kimoja nayo. Ukiwa chumba cha mbali rudi 2.4 GHz, maana ukuta wa tofali unaidhoofisha sana ile 5.

Binti Likoni (Leicester)

Mimi nataka kuwasemea wazee wasio na simu za kioo. Nyanya yangu yuko Likoni, ana mulika mwizi yake, na macho hayamruhusu zaidi ya hapo. Kwa miaka mingi nilimpigia kwa salio la Skype: mimi kwenye kompyuta huku Uingereza, yeye kwenye namba yake ya kawaida kule. Hakuhitaji kujua lolote kuhusu intaneti. Simu ikilia anabonyeza kitufe cha kijani, basi.

Skype ilipofungwa Mei 2025 nilihisi nimekatiwa kamba. Kila mtu ananiambia "si kuna WhatsApp?" WhatsApp haiwezi kuipigia mulika mwizi! Sasa nimepata programu nyingine inayouza dakika za kupiga namba za kawaida, na huwa natazama bei ya dakika ya Kenya kabla sijaweka pesa. Jumapili binamu yangu humpelekea simu yake, tukaonana uso kwa uso. Lakini nyanya mwenyewe anaipenda ile ya Jumatano, ya kwenye simu yake, kwa sababu anaipokea bila kumngoja mtu.

Mushi wa Ziwani (Bukavu)

Huku kwetu umeme ukikatika ruta inazima na mazungumzo yanaishia hapo. Nilinunua betri ndogo ya ruta. Watoto wako Ubelgiji, sasa tunamaliza maneno yetu hata gizani. Ni hilo tu.

Mama Asha (Dubai)

Huku pia WhatsApp ni meseji tu. Nalipia BOTIM, programu ya kupigia simu, inaruhusiwa na inasikika vizuri. Dada zangu mnaokuja kufanya kazi za ndani, nawaomba sana: msidanganywe mtumie VPN (programu ya kuficha uko wapi mtandaoni) ili mpige bure. Sheria ya huku ina faini kuanzia dirhamu 500,000 kwa anayeitumia kuficha kosa. Kabla hujaondoka nyumbani, ipakue programu kwenye simu ya mzazi na mpigiane majaribio mkiwa bado pamoja. Mimi sikufanya hivyo, nikakaa wiki tatu sijaisikia sauti ya mwanangu.

Kaka Temeke

Naongeza moja. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, Tanzania intaneti ikayumba vibaya. Siku hiyo baba alikuwa amelazwa na mdogo wetu aliye ng'ambo alikuwa akisubiri habari. Kila programu tuliyojaribu ilizunguka tu. Tulimpata kwa simu ya kawaida, vocha ikaisha katikati ya maelezo. Tangu hapo naacha salio la kawaida kwenye laini na siligusi, na namba za ndugu nimeziandika kwenye karatasi ukutani.

Mwana wa Barazani (Tanga)

Asanteni sana, Mungu awabariki. Fundi, ruta ilikuwa sakafuni, nimeipandisha juu ya kabati la vyombo. Leo Ijumaa tumeongea dakika 40, imekatika mara moja tu.

Tena mama ana jambo moja: hata ikiwa ni video, akisikia sauti ya dada anaivuta simu sikioni. Dada anabaki kulitazama sikio na hereni. Leo nilitaka kumwelekeza mama aishike mbele ya uso, dada akanikataza. Hereni ile alimtumia kwa mshahara wake wa kwanza.