Picha mpya za gemu hazionekani nikitumia PhysFS, shida iko wapi?

Mvuvi_wa_Kodi
Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, Mwanza, natengeneza kagemu ka kusafirisha samaki: unapakia sato na dagaa Ukerewe, unawahi soko la Mwaloni kabla bei haijashuka. Kodi ya programu ni lugha ya C, upande wa kusoma na kuandika mafaili natumia maktaba ya PhysFS. Picha na sauti zote ziko ndani ya msingi.zip. Wachezaji wangu wanaishi kwa bando, sitaki wapakue zipu nzima kila nikirekebisha picha moja. Nataka niwatumie kiraka.zip chenye vilivyobadilika tu.

Nimepachika zipu zote mbili, PHYSFS_mount hailalamiki, lakini zinatokea picha za zamani. Kuhifadhi hatua ya mchezaji nako PHYSFS_openWrite inagoma. Hii kitu inafanyaje kazi kwa ndani?

Nyakato_Linux
Kigezo cha tatu cha PHYSFS_mount umeweka ngapi?

Mvuvi_wa_Kodi
1, kote kote.

Nyakato_Linux
Basi ndiyo hapo. PhysFS inaionyesha programu yako mti mmoja wa folda, ila mti huo haupo popote kwenye diski. Nyuma yake kuna orodha ya folda na zipu ulizopachika. Ni kama umemwagiza dalali sato pale mwaloni: anachungulia mtumbwi wa kwanza, akimkosa anahamia wa pili, akimpata haendi mbele tena. Wewe unaletewa samaki tu. Sasa 1 maana yake "kaa mwisho wa foleni", kwa hiyo msingi.zip inajibu kabla kiraka hakijaulizwa. Kiraka kipe 0 kitangulie.

Ukitaka kujua faili limetoka wapi, tumia PHYSFS_getRealDir. Itakutajia zipu yenyewe.

Bibi_Terminal
Kuhifadhi ni habari nyingine. PhysFS haiandiki ndani ya zipu, inataka folda halisi uliyoitaja kwa PHYSFS_setWriteDir. PHYSFS_getPrefDir itakupa mahali panapofaa. Halafu folda hiyohiyo uipachike pia, la sivyo utaandika vizuri kisha ushindwe kusoma ulichoandika. Hapo wengi wanalia.

Kijana_wa_Nansio
Mnajitesa bure. Fumua zipu kwenye folda, tumia fopen ya kawaida ya C kufungua mafaili, maisha yaendelee.

Nyakato_Linux
Dogo, kiraka kikiharibu gemu, mimi nakifuta tu na picha za zamani zipo palepale. Wewe ushaandika juu yake. Isitoshe PhysFS inakataa njia ya faili yenye ".." (yaani panda folda ya juu), kwa hiyo hata ukifungua kiraka cha mtu usiyemjua, hakiwezi kuipeleka gemu ikasome mafaili mengine ya kompyuta.

Bibi_Terminal
Muziki uweke kwenye zipu bila kubana. Faili la sauti la Ogg tayari limebanwa, hupunguzi kitu. Na kurudi nyuma ndani ya faili lililobanwa kunailazimisha maktaba ianze kufumua upya toka mwanzo, wimbo ukijirudia utaona gemu inakwama. Angalia pia herufi kubwa na ndogo: folda ya Windows inasamehe, zipu haisamehi.

Mvuvi_wa_Kodi
Sato mpya ametokea! Muziki ndio ulikuwa kimya, getRealDir inarudisha NULL, yaani haikulipata faili. Kumbe ndani ya zipu ni Ngoma.ogg, kodi inaomba ngoma.ogg. Nabadilisha sasa hivi, kisha nahamia kwenye setWriteDir.

Kijana_wa_Nansio
Haya, nimenyoosha mikono. Ukimaliza tupia hapa, huku kisiwani tukujaribishie na mtandao wetu wa kusuasua.