Glaida za rimoti Mtwara: kurusha kwa mashindano au kwa burudani?

MwanaMikindani
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Sisi wachache tunaorusha glaida za rimoti (ndege ndogo zinazoelea kwa kutumia hewa inayopanda, zikiongozwa kutoka chini) hapa Mtwara tunakusudia kuunda klabu, na kabla hatujaandika katiba tumegawanyika katika jambo moja: siku za kurusha ziendeshwe kwa kanuni za mashindano, au kila mwanachama aje arushe apendavyo? Naomba mnilinganishie njia hizi mbili, hasa kwa upande wa gharama, mafunzo ya wanaoanza na hewa yetu ya pwani.

Fundi_Shangani
Kaka, mimi nasimama upande wa mashindano, na sababu yangu si kombe. Anayerusha bila saa hana namna ya kujua kama leo ameisoma hewa vizuri kuliko jana. Chukua daraja la F5J, ambalo kanuni zake hutungwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI). Glaida hupandishwa kwa mota ya umeme kwa muda usiozidi sekunde 30, na kifaa kilichomo ndani yake hurekodi kimo cha juu kabisa ilichofikia hadi sekunde 10 baada ya mota kuzimwa. Kila mita hadi kufikia 200 humpunguzia rubani nusu pointi, na kila mita inayozidi hapo humpunguzia pointi 3. Katika raundi za kawaida muda wa kazi, ambao ndani yake rubani hukusanya pointi kwa kukaa angani, ni dakika 10, kisha kuna pointi za kutua karibu na shabaha, ambazo hazizidi 50. Kwa hiyo anayezima mota mapema anaokoa pointi, lakini ni lazima awe ameshaona hewa ya moto inapanda wapi, kwa kutazama mwewe wanaozunguka bila kupiga mabawa au majani yanayotikisika ghafla upande mmoja wa uwanja. Burudani pekee haikulazimishi kujifunza hayo.

Bi_Newala
Fundi, nimekusoma kwa makini, lakini hoja yako inafaa uwanja wa tambarare. Huku kwetu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, karibu na lile bonde lenye kina kirefu liitwalo Shimo la Mungu, mambo ni mengine. Upepo unapoukabili mteremko hulazimika kupanda, na glaida iliyo mbele ya ukingo hubaki juu maadamu upepo unavuma, hata kama rubani wake hana ujuzi mkubwa; saa ya kupima ukaaji angani haina cha kupima hapo. Ndiyo maana daraja la mteremko, F3F, hushindanisha kasi: vipande 10 vya mita 100, jumla mita 1,000. Mashindano ya namna hiyo yanataka glaida nzito na imara zenye nyuzi za kaboni, ilhali kijana wa hapa mwenye glaida ya povu gumu la plastiki huirekebisha kwa gundi na kuendelea kurusha siku hiyohiyo. Nimewaona wazee wakikaa nasi kuanzia alasiri hadi machweo, wakiuliza maswali mazuri kuhusu bawa na upepo, na sidhani kama wangekaa iwapo tungekuwa tunakimbizana na pointi.

Mwalimu_Lindi
Dada wa Newala na ndugu Fundi, nyote mmezungumzia vyombo ambavyo anayeanza hawezi kuvinunua au mahali ambapo hawezi kufika. Naipendekeza F3K, glaida ya kurushwa kwa mkono, yenye mabawa yasiyozidi mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha. Rubani huishika kwenye ncha ya bawa, huzunguka, na kuiachia; haihitaji mota wala kamba ya kuivuta. Kila rubani huwa na mtunza saa kando yake, na hapo wanafunzi wasio na glaida hupata kazi ya maana na kujifunza kuiangalia hewa kabla hawajashika rimoti. Hapa Lindi ningepanga raundi asubuhi, jua likishapasha ardhi lakini upepo wa baharini haujaingia, kwa sababu hewa hiyo ya baridi ikiingia hudhoofisha mipando ya hewa karibu na ufuko. Pia msisahau kuiuliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu vibali na umbali kutoka uwanja wa ndege, kwa njia yoyote mtakayoichagua.

Fundi_Shangani
Mwalimu, hoja yako kuhusu watunza saa naikubali kabisa, na kwa mteremko Bi Newala ana haki. Ninachoshikilia ni kutua. Tumezungukwa na mikorosho na minazi, na watoto hukatiza uwanjani. Rubani aliyezoea kulenga shabaha ndiye ninayemwamini kurusha mbele ya watu.

Bi_Newala
Shabaha naiafiki, hata kwa wanaorusha kwa burudani. Sharti langu ni kwamba mwanafunzi asihesabiwe pointi hadi atakapoweza kutua mwenyewe bila kusaidiwa.

MwanaMikindani
Nashukuru. Rasimu nitakayopeleka kwenye kikao itasema hivi: asubuhi ni raundi za F3K kwa wanaotaka, alasiri ni kurusha kwa hiari bila saa, na shabaha ya kutua ibaki uwanjani siku nzima kwa kila mtu. Safari za Newala zitapangwa kando, baada ya msimu wa korosho, wengi wakishatoka mashambani.