Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi kwenye maghorofa ya kifahari katikati ya jiji

Wakuu, salaam. Mimi wa Mwanza, nimezoea nyumba ya chini yenye uwanja. Kazi inanihamishia Dar, Posta kabisa, mitaa ya mabenki, na ofisi imenitafutia apatimenti ghorofa ya 15: jimu, bwawa, walinzi getini. Mke anashangilia, mimi nawaza maji na lifti. Hata nyie wa maghorofa ya hapa hapa Mwanza, shusheni. Sifa za dalali msizirudie.

Ndoo Mkononi: Mkuu, uliza jenereta linawasha nini. Kuna majengo linawasha taa za korido na lifti moja, ndani kwako giza. Pampu je? Kila mita 10 za kupanda zinakula karibu bar 1 ya presha, kwa hiyo huko juu bila pampu bomba ni pambo. Yetu iliwahi kufa wikiendi nzima, watu na suti zao wakapanda ngazi na ndoo.

Sato Choma: Niko Capri Point, dirisha linatazama ziwa. Upepo mtamu, usiku unaona karabai za wavuvi wa dagaa. Ila vile vidudu vya ziwani vikiibuka vinakuja kama moshi, na vinafuata taa. Ukisahau ya baraza, asubuhi unazoa kwa beseni.

Mama Watatu: Kaka, hao wanaongelea mitambo, mimi naongelea watu. Mama mkwe alitoka Magu na gunia la viazi na jogoo hai. Mlinzi akagoma: mifugo marufuku. Mama akakaa kwenye kiti cha mapokezi, jogoo mapajani, mpaka mume wangu alipotoka kazini. Jogoo akachinjiwa kwa jirani wa nje ya geti. Hilo tulicheka. Tulipofiwa hatukucheka: turubai utafunga wapi? Sufuria za pilau utazipika kwenye maegesho? Msiba tukauhamishia kwa shemeji Kimara, na kuna ndugu mpaka leo wanasema tuliwakimbia.

Hati Kwanza: Kwa wanunuzi: kuna sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Unapata hati ya sehemu yako. Ngazi, lifti na paa ni mali ya pamoja, na wamiliki wanakuwa na chama chao kinachosimamia jengo. Omba hesabu za hicho chama kabla hujalipa hata shilingi. Kwetu wengi waliweka tu hela yao pale, hawaishi humo wala hawachangii. Lifti moja imegeuka stoo ya mafagio.

Mwenye uzi: Nashukuru. Dada Mama Watatu, la msiba halikunijia kabisa, na mke nimemsomea, kanyamaza. Mtu wa ofisi anasema jenereta lipo. Nimemuuliza linawasha nini, hajajibu. Wenye watoto wadogo bado hamjasema: balkoni mnazizibaje?