BoT (Benki Kuu ya Tanzania) wana meno kwa hizi app za mikopo au ni barua tu? Naomba ushauri

Wakuu habari za leo, naombeni msaada hasa nyie mnaojua mambo ya sheria na mabenki. Mdogo wangu alikopa laki moja kwenye app flani, kachelewa siku chache tu, sasa wanawatumia watu waliopo kwenye simu yake meseji "huyu ni tapeli, mwambieni alipe", mpaka bosi wake kapata, mpaka mchungaji!! Yaani mpaka fundi friji ambaye dogo alisevu namba yake zamani huko kapigiwa.

Mi najua Novemba 2024 BoT walitoa orodha ya app 69 zinazokopesha bila leseni, na ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inasema mkopeshaji lazima awe na leseni. Kwa benki najua wakiamua hawana mchezo, Januari 2018 walifuta leseni za benki tano kwa mpigo. Ila hawa wa app hata ofisi hawana, ukiwafungia leo kesho wanarudi na jina lingine.

Sasa naomba kujua, nikipeleka malalamiko BoT wanaweza kweli kumuita huyo mkopeshaji na kukagua vitabu vyake, au kama hana leseni hiyo inakuwa kesi ya polisi? Na hili la kusambaza namba za watu niende Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi moja kwa moja? Screenshot zote ninazo. Aliyewahi kupitia hii njia aniambie alianzia wapi, na je deni aendelee kulipa wakati malalamiko yanasikilizwa?