Kikundi cha Majirani: Ufunguo wa Choo cha Bustani

*Mama Neema:* Habari za jioni majirani. Nimepita bustanini saa moja hii, choo kimeshapigwa kufuli. Yule mama anayelala pale kibarazani ananiambia kuanzia alasiri hanywi maji kabisa, ili usiku asibanwe. Jamani, mtu anashinda na kiu kwa ajili ya kufuli!

*Mzee Hamisi:* Nzuri mwanangu. Ila tusisahau kwa nini kilifungwa. Sinki liling'olewa, mlango ukavunjwa.

*Mama Neema:* Shikamoo mzee. Ni kweli, lakini wakati ule hapakuwa na mtu wa kukiangalia, mchana wala usiku.

*Mzee Hamisi:* Marahaba. Hapo sikupingi.

*Baraka Fundi:* Hilo la mtu wa kukiangalia ndilo lenyewe. San Francisco, Marekani, walianza mpango wa vyoo vya umma uitwao Pit Stop mwaka 2014, mtaa wa Tenderloin. Vyoo vina wahudumu wanaolipwa, wanasafisha na kuangalia usalama. Choo kisicho na mhudumu hakidumu, hata kiwe cha chuma.

*Nesi Rehema:* Na kukifunga kuna gharama yake. San Diego, huko huko Marekani, mwaka 2017 ulizuka mlipuko wa homa ya ini aina ya A. Waliougua walikaribia 600, wakafa 20, na sehemu kubwa walikuwa watu wasio na makazi. Kirusi kile kinatoka na kinyesi, kinapita mikononi, kinaingia mdomoni. Jiji likaja kuweka vyoo vya muda na sehemu za kunawia, pamoja na kuchanja watu, maafa yakiwa yameshatokea.

*Mzee Hamisi:* Kwa hiyo tuweke vitakasa mikono?

*Nesi Rehema:* Hapana mzee, maji na sabuni. Vitakasa mikono vya spiriti haviaminiki kwa kirusi hicho.

*Dada Upendo:* Nilipowauliza wenyewe wanaolala pale bustanini wanataka nini, cha kwanza walichotaja ni kulabu. Kulabu tu, nyuma ya mlango! Mtu anatembea na blanketi, nguo na vitambulisho vyake vyote kwenye begi moja. Akiliweka sakafuni linalowa, akiliacha nje linaibiwa. Wengine hawaingii hata choo kikiwa wazi. Tungekaa sisi kwa sisi kupanga, nani angeikumbuka kulabu?

*Baraka Fundi:* Naifunga mimi, ya skrubu ndefu. Zile za gundi hazibebi begi la mtu.

*Dada Upendo:* Asante kaka. Na ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya taulo za kike. Hedhi haisubiri mtu apate nyumba.

*Mama Neema:* Wenye migahawa nao tuwaombe? Ujerumani, mji wa Aalen, halmashauri ilianza kuwalipa wenye biashara ili mtu yeyote atumie choo bila kununua kitu. Mlangoni kunabandikwa alama.

*Dada Upendo:* Tuwaombe, ila tuzungumze na wahudumu wa ndani pia. Aliyezoea kufukuzwa haamini alama ya mlangoni, anasoma uso wa aliyesimama pale.

*Mzee Hamisi:* Mimi naweza kukaa na ufunguo jioni mpaka saa nne. Peke yangu sikubali, nipeni mwenzangu.

*Baraka Fundi:* Niko na wewe mzee.

*Mama Neema:* Mungu awabariki 🙏 Ila barua kwa halmashauri iende kesho hiyo hiyo, na tudai mhudumu wa kulipwa. Zamu zetu ni za kuanzia tu. Tukinyamaza, zitageuka kazi ya bure ya kudumu na wao watapumua. Yule mama mwenyewe anaitaka kazi hiyo. Anawajua watu wa pale kuliko sisi sote.

*Nesi Rehema:* Kwenye barua andikeni kwamba Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Hatuendi kuomba fadhila.

*Mama Neema:* Naandika usiku huu, nitaiweka hapa muisome.

*Nesi Rehema:* Jambo moja kwa watakaosafisha Jumamosi: mkikuta sindano, msiishike kwa mkono wala msiifunike na kofia yake. Tumieni koleo, iingie kwenye chombo kigumu chenye mfuniko. Chombo naleta mimi.

*Baraka Fundi:* Koleo ninazo. Nani ana glavu nene?

*Dada Upendo:* Mimi ninazo.